Siku Niliyomfuata Mama Mkwe Bustanini

Jamani, mkipita kijiweni mkasikia watu wanacheka habari za jamaa aliyekamatwa bustanini mchana kweupe akimnyatia bibi wa watu, na mkoba wa bibi huyo kaufutika ndani ya shati, msijisumbue kuuliza ni nani. Ni mimi hapa, Selemani wa Somanga, fundi pikipiki, mume wa Somoe, na huyo bibi wa watu ni mama yake mzazi Somoe, yaani mama mkwe wangu kabisa. Nasimulia mwenyewe kwa sababu nikiwaachia wengine wanatia chumvi. Kuna mmoja anasema nilipanda juu ya mti, mimi mti sikupanda, niliuegemea tu kwa uso (na hata hilo nitalieleza).

Kwanza mjue nilikotoka. Kwetu Somanga, pale kandokando ya barabara kuu, mkwe ni mtu kama mtu mwingine. Baba yangu na bibi yangu mzaa mama walikuwa wakikaa mkeka mmoja wakibangua korosho na kutaniana mpaka jua linazama, na hakuna aliyeona ajabu. Sasa nikaenda kuoa mtoto wa Kimakonde kutoka uwandani juu milimani, Newala huko ndani ndani, na mama yake ni mtu wa mila za zamani zile zenyewe. Wengi wa kwao siku hizi wameziacha, yeye hajaacha hata punje. Kwake mkwe wa kiume hatazamwi usoni, hatajwi jina, haliwi naye sahani moja, akipita njia hii wewe unapita ile, na kitu hakipokewi kutoka mkononi mwake: anakiweka chini, anarudi nyuma, anakohoa, ndipo mama mkwe anakuja kukiokota. Si chuki, msinielewe vibaya. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na kadiri anavyokuheshimu ndivyo anavyokukimbia.

Kwa hiyo tangu nimwoe Somoe, mimi na mama yake tulikuwa hatujawahi kuzungumza. Maneno tulikuwa tunayapitishia kwenye vyombo. Akija kututembelea, akiona nimechelewa kula, analiambia jiko, "We jiko, kuna watu humu wanafanya kazi ngumu na matumbo matupu, mwishowe wataanguka," nami kutoka kibarazani naujibu mlango, "Mlango, waambie watu wananawa mikono, wanakuja sasa hivi." Siku moja ya mvua alimgombeza kuku kwa muda mrefu sana kwa kosa la kutoka bila mwavuli, mimi nikarudi ndani nikachukua mwavuli. Tulikuwa tunaelewana vizuri tu.

Safari hii Somoe alikuwa mjamzito, mimba imeshakuwa kubwa. Mtoto wetu wa kwanza hatukujaliwa kukaa naye, alizaliwa na kuondoka siku hiyohiyo, na tangu mimba hii iingie Somoe alikuwa hana raha, kila akikaa kimya ujue kashika tumbo anasikiliza. Kitu alichokitaka duniani ni kimoja tu, mama yake awe karibu mpaka ajifungue. Mama alikuja kweli, lakini kwa matembezi, na alishasema Jumatatu anarudi zake, kwa maana nyumba yetu ya kupanga hapa mjini ina vyumba viwili na yeye hawezi kukaa akikwepana na mkwe kwenye korido moja kila siku ya Mungu. Somoe akaniambia, "Mume wangu, mama akiona raha hapa atabaki, namjua. Lakini akipata aibu, hata kidogo, Jumatatu yuko kwenye basi. Nakuomba sana." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kazi hiyo aniachie mimi. (Nikiyakumbuka maneno hayo nacheka peke yangu.)

Jumamosi tukampeleka kwenye ile bustani kubwa ya mji inayoteremka kuelekea baharini, yenye vijia vya mawe vinavyozunguka huku na huku, bembea za watoto, na yale maji yanayorushwa juu kwa mashine. Kufika getini tu, miguu ya Somoe imevimba, viatu vinambana, akaketi kwenye benchi la kwanza akasema hawezi tena. "Mpigie simu yule binti wa jirani aje atembee na mama," akasema. Hapo ndipo nilipokosea, hapohapo, kabla ya kosa jingine lolote. Nikasema ya nini kumsumbua mtoto wa watu, bustani hii naijua kama gereji yangu, nitamzungusha mwenyewe. Somoe akanitazama. "Utamzungusha vipi na hamsemezani?" Nikasema, "Tutajua hukohuko."

Basi mama akaanza kutembea, kajitanda kanga yake, mkoba wa kitenge begani, na mimi nikabaki nimesimama nawaza nikae wapi. Nikitangulia, nitakuwa nimempa mkwe mgongo, na huo ni utovu wa adabu. Nikienda naye ubavu kwa ubavu, ndiyo kabisa, bora nimtukane. Nikaona nikae nyuma, mbali kidogo, akisimama nami nasimama, akigeuka nami najificha penye mti au ua wa majani ili tusije tukagongana macho. Kwangu mimi nilikuwa namheshimu. Kwa mtu anayetazama kutoka pembeni, sijui nilikuwa nafanana na nini, au tuseme sasa najua.

Shida ikaja kwamba aliyeko nyuma haonyeshi njia. Mama akifika njia panda anasimama, hajui ashike ipi, hawezi kuniuliza. Nikakumbuka sanaa ya nyumbani. Sisi watu wa Somanga tumekulia kuuza korosho na samaki wa kukaanga kwenye madirisha ya mabasi, sauti tunayo, na unapiga kelele bila kumtaja mtu. Nikajikaza nikaita, "Wale wanaokwenda kuona maji yanayorukaaa, kulia kwao hukooo!" Mama akashika kulia, taratibu, kama vile kaamua mwenyewe. Mbele tena, "Wanaotaka kivuli na upepo wa bahariii, wanyooshe moja kwa mojaaa!" Akanyoosha. Watu waliokuwa wamekaa kwenye majani wakanitazama, bwana mmoja akaniuliza bei ni shilingi ngapi. Nikamwambia ni bure, akaniona tapeli.

Lakini wallahi tulifurahi. Nawaambia ukweli, mimi nilikuwa na raha moyoni ambayo sikuitegemea. Mama alipofika kwenye yale maji alishika kiuno akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kwao uwandani zamani maji waliyafuata mabondeni, mtu anatoka alfajiri na ndoo kichwani, halafu hapa anayaona yanarushwa hewani yanaanguka yanarushwa tena. Akayaambia mawe ya ukingoni, "Mnaona nyie mawe? Maji wanayachezea!" Nami nyuma ya ua nikauambia ua kwamba kweli, ni ajabu. Kila penye maua alikuwa anasimama sana, anainama, anayagusa, ananusa, anainama tena. Nikajisemea moyoni, huyu haondoki Jumatatu.

Tukafika kwenye bembea. Pale hapakuwa na watoto, na mama akatazama kulia, akatazama kushoto, nikajua anataka nini. Haraka nikageuka nikaupa mti uso wangu, pua imegusa gome, mikono mbele, ili awe huru. Nikasikia minyororo inalia nyii, nyii, na kicheko kidogo cha mtu mzima anayebembea. Nilitabasamu na gome langu. Ghafla nyuma yangu sauti nzito ikasema, "Wewe bwana, hapa si chooni!" Alikuwa mlinzi wa bustani, mtu mzima mwenye sharubu na kirungu. Nikamwambia sijisaidii, afande. Akauliza, kama hujisaidii unaufanyia nini mti? Sasa ningemjibu nini? Kwamba mama mkwe wangu anabembea? Nisingemwaibisha mama kwa mtu baki. Nikasema, "Napumzika." Akanipima toka juu mpaka chini, akasema, "Nimekuona." Akaenda zake, lakini hakwenda mbali.

Kutoka pale tukaingia sehemu ambayo Jumamosi maharusi huja kupiga picha, na kweli walikuwepo, bibi harusi kavaa shela jeupe, wasindikizaji na sare zao. Mama akasimama kuwatazama, ikabidi nami nisimame, nikachuchumaa kwenye maua. Mpiga picha, kijana wa mjini huyo, akapaza sauti, "Oya! Wewe bro wa kwenye maua, toka kwenye picha!" Watu wote wakageuka. Nikatoka huku nimeinama kama bata. Yule mlinzi alikuwa amesimama pembeni, akatikisa kichwa.

Mama aliketi kidogo kwenye benchi hapo mbele kupumzisha miguu, kisha akainuka akaendelea, na mkoba wake ukabaki benchini. Nikauona. Sasa nifanyeje? Nikipaza sauti "mama, mkoba," nimemsemesha. Nikimkimbilia nimpe mkononi, nimevunja mwiko mkubwa kuliko wote. Ikabidi niuchukue, nimpite kwa kuzunguka kupitia maua, niutangulize mbele yake katikati ya njia, nirudi nyuma, nikohoe, aje auokote. Hesabu iko sawa, siyo? Ila pale mjini wateja wangu wapo wengi, na mimi nikaona haya mwanaume mzima kushika mkoba wa kike wa maua mekundu. Nikafungua vifungo viwili, nikaufutika ndani ya shati. Tumbo likatoka mbele, ungesema mimi ndiye mjamzito, si Somoe. Nikaingia kwenye maua nikaanza kwenda kwa kunyata.

Wanasema mwenda pole hajikwai. Mimi nilikwenda pole, na nilijikwaa. Nimeinua kichwa nakutana uso kwa uso na mama mmoja muuza ubuyu, kakaa na beseni lake, na kumbe huyo mama alikuwa ananifuatilia kwa macho tangu kwenye bembea, kaona kila kitu, kaona nilivyokuwa najificha, kaona mkoba unavyoingia shatini. Akainuka na beseni lake. "Mwiziii! Kibaka huyooo! Kamwibia bibi mkoba!"

Ukiitiwa mwizi usikimbie, hilo kila mtu analijua, na mimi nalijua, na mimi nikakimbia. Nilianza kumkimbilia mama mkwe ili aniokoe, nilipomkaribia nikakumbuka kwamba mkwe hakaribiwi, nikafunga breki nikarudi nilikotoka, yaani kwa walewale wanaonifukuza. Nikamgonga msindikizaji wa bibi harusi, vijana wa harusi wakanidaka, mlinzi akanishika ukosi, mkoba ukachomoka shatini mbele ya kadamnasi nzima.

"Nilikwambia nimekuona," akasema mlinzi. "Mkoba wa nani huu?"

"Wa mkwe wangu, afande. Mama yake mke wangu."

"Yuko wapi?"

Nikanyoosha kidole huku nimegeuza uso upande wa pili, kwa sababu kumnyooshea mkwe kidole ni kosa, na kumnyooshea huku unamtazama ni makosa mawili. Watu wakaangua kicheko. Kutazama, kidole changu kinamwonyesha bwana harusi.

"Huyu ndiye mama mkwe wako?"

"Hapana, afande, yule bibi mwenye kanga."

"Anaitwa nani?"

Hapo ndipo nilipokwisha. Jina lake silijui! Miaka yote hiyo nimemjua kwa Mama Somoe, jina lake lenyewe halitajwi mbele yangu na mimi sikuthubutu kuuliza. Nikasema, "Mama Somoe." Muuza ubuyu akasema, "Mnaona? Anabahatisha."

Wakamleta mama. Mlinzi akamsalimu kwa adabu, "Shikamoo mama," naye akajibu "Marahaba, baba" kwa sauti ndogo. Akaulizwa kama mkoba ni wake, akasema ni wake. Akaulizwa, "Na huyu mwanaume unamjua?" Jamani. Mama yule akavuta kanga akajifunika uso wote, akanigeuzia mgongo, akachutama chini. Sijawahi kupewa heshima kubwa namna ile mbele ya watu, na ndiyo heshima iliyotaka kuniua. Muuza ubuyu akapiga yowe, "Maskini ya Mungu, ana hofu, hata kumtazama hawezi!" Mara nikapigwa kofi la kisogoni na kijana mmoja, kofia yangu ikaruka, nikaanguka magoti.

Nilichokuwa nawaza si kofi. Nilikuwa nawaza Somoe pale getini na miguu yake iliyovimba, na basi la Jumatatu, na mimi niliyesema kazi hii niachie. Nilitamani kulia na nilikuwa nakaribia.

Mama akasema, akiliambia benchi lililokuwa mbele yake, "We benchi, waambie watu hawa kwamba waliyemshika ana mji wake, ana mke, na mkewe ni mzito, asije akapata mshtuko." Watu wakatazamana. "Bibi kachanganyikiwa," akasema muuza ubuyu kwa huruma kabisa, "anazungumza na benchi. Leteni maji tummwagie kichwani!" Na maji yakaletwa kweli, kopo zima, na yule kijana naye kainua mkono tena kwa kofi la pili.

Ndipo mama alipoinuka. Kanga ikashuka mabegani, akapita katikati ya watu, akasukuma kopo la maji, akaja akasimama mbele yangu, akanitazama usoni. Kumbe macho yake ni macho ya Somoe, yaleyale, nami sikuwa najua.

"Selemani," akasema. "Selemani mwanangu, inuka. Okota kofia yako." Halafu akawageukia wale vijana. "Huyu kaoa mtoto wangu. Kwetu mkwe hatazamwi, ndiyo maana sikumtazama, na ndiyo maana anatembea nyuma yangu. Anayetaka kumpiga tena aanze na mimi."

Yule kijana akashusha mkono, akaanza kujikuna nao kichwa. Mlinzi akavua kofia, akaomba radhi kwa mama, akaniomba na mimi. Mpiga picha akasema, "Noma sana," na muuza ubuyu akanifungia ubuyu kwenye karatasi akanipa huku anafuta machozi, anasema na yeye ana mkwe lakini mkwe wake hata salamu hampi. Mimi nilikuwa nalia waziwazi sasa, wala sioni haya kusema.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Lakini mlinzi, katika kutaka kujisafisha, akasema, "Mama, kagua mkoba wako kama kuna kilichopungua," na kabla mama hajasema kitu akaufungua yeye mwenyewe. Hakikupungua kitu. Kiliongezeka. Yakatoka matawi ya asumini, vipando vya maua ya kila rangi, na mche mmoja mzima na mizizi yake na udongo wake, umefungwa vizuri kwenye leso, yote maua ya bustani ya mji, na pale nyuma ya mlinzi kabisa kuna kibao cha USICHUME MAUA. Kumbe kule kuinama inama kote! Nikamwona mama amekuwa mdogo ghafla, ameshika ncha ya kanga. Mtu aliyetoka kunisimamia kama simba sasa hivi.

Nikasema, "Ni mimi, afande. Nimechuma mimi."

Mlinzi akanitazama, akamtazama mama, akayatazama maua. Nadhani alijua. "Kwa hiyo," akasema taratibu, "mwizi ni wewe kweli."

"Ni mimi kweli."

Watu wakacheka mpaka bibi harusi akashika shela lake. Mlinzi akasema hatanipeleka popote, ila bustani nimeiharibu na bustani nitaitumikia, akanipa ndoo mbili nimwagilie vitalu vyote vya upande ule, jua la mchana, mbele ya maharusi, mbele ya wateja wangu wawili waliokuwa wanapita na wakakaa kutazama. Nami nikamwagilia. Mama mkwe akaketi benchini na ubuyu wangu, na mdomo ambao ulikuwa umefungwa kwa ajili yangu miaka yote ukafunguka. "Selemani, huko hujafika! Selemani, usiyamwagie juu, mwagia chini kwenye shina! Wewe kwenu hamkulima?" Kila nikipita na ndoo ananiambia jambo. Maji yangenifika shingoni na mimi ningekuwa bado nacheka.

Tulirudi getini tukitembea pamoja, nimelowa, yeye ananielekeza jinsi ya kupika mboga ya kisamvu kwa mwanamke aliyejifungua. Somoe alipotuona tunakuja ubavu kwa ubavu tukizungumza, alishika mdomo, akainuka na tumbo lake, machozi tayari. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu," mama akasema. "Keti chini, miguu yako hiyo. Mimi Jumatatu siendi popote. Nyumba ina mkwe asiyejua hata kumwagilia maua, nitamwachaje akupikie uji wa uzazi?"

Mambo hayakuwa mepesi hivyo, maana habari ilipanda uwandani upesi, na mjomba wake Somoe, ambaye kwao ndiye mwenye kauli, akapiga simu kusema tumevunja mwiko na lazima tuusafishe: kuku jike mmoja, doti ya kanga, nimpe mama mbele ya watu, ndipo turuhusiwe kusemezana. Nilitoa kuku, nikatoa kanga, ningeombwa mbuzi ningetoa. Somoe alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kubwa ya Somanga, na aliyetoka wodini kuniambia alikuwa mama mkwe, aliniambia mimi mwenyewe, si ukuta wala mlango.

Kwa hiyo nimeapa. Kumfuata mtu nyuma nyuma kwenye maua, hata awe nani, sirudii tena, na mkoba wa mwanamke nitaubeba wazi begani, atakayecheka acheke. Bado kijiweni wananiita Mzee wa Mikoba, na nikipita bustanini yule mlinzi ananipigia saluti.

Juzi nilimuuliza mama, nikiwa namtania, kwamba siku ile mimi nilikuwa najitahidi kumlinda, nimemfuata bustani nzima na jua lile, hivi hata alijua kuwa nipo? Alikuwa anamwogesha mtoto, hakuinua kichwa. "Ulikuwa unajikwaa kila mahali kwa kujificha," akasema. "Nilikuwa natembea polepole ili usinipotee."

Nikachukua ndoo nikaenda kumchotea maji mengine.